Msaada wa Kindugu

Habari ya kifo cha Jarmila ilinikuta uani kwangu, hapa Mbugani, wilayani Kyela, nikigeuza kakao juani kabla mvua ya mchana haijashuka. Mjukuu wake, Alena, ambaye hatujawahi kuonana, aliniandikia kwenye simu kwa Kiingereza chepesi: bibi amefariki Jumanne akiwa usingizini, alikuwa amefikisha miaka themanini na minane, na katika daftari lake la anwani jina langu lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Nilisoma nimesimama, mikono ikinata ute wa kakao, kisha nikakaa kizingitini. Jioni majirani walikuja kunipa pole, maana kwetu msiba ni msiba hata kama marehemu hajulikani na mtu. Miongoni mwao alikuwa Mwalimu Ambakisye, aliyefundisha somo la siasa sekondari mpaka alipostaafu. Nilipoeleza kwamba Jarmila alikuwa mtu wa Chekoslovakia na kwamba nchi yake ilikaliwa na majeshi ya Warusi, alikunja uso. "Lakini Dada Tupo," akasema, "Warusi si ndio waliotusaidia? Wapigania uhuru wa kusini walipata wapi bunduki?" Nikamwambia ni kweli, na niliyoyaona mimi nayo ni kweli. Alitaka nieleze zaidi, nami nikashindwa, kwa sababu watu walikuwa wengi na chai ilikuwa inapoa. Sura hii ya kumbukumbu zangu ndiyo maelezo niliyokuwa nikidaiwa jioni ile.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Serikali ilikuwa imenipatia ufadhili wa kujifunza ufundi wa kauri, kwa hoja kwamba binti aliyekulia kwa wafinyanzi wa Ikombe angerudi kuanzisha kiwanda cha vyombo huku ziwani. Mwaka wa kwanza nilijifunza lugha. Mwaka wa pili, ambao ndio ninaousimulia, nilipelekwa kwenye mji mdogo kaskazini mwa nchi ile, mji wenye kiwanda kimoja, kituo kimoja cha treni na ukuta mmoja mrefu wa saruji. Dirisha la chumba changu bwenini lilitazama ukuta huo. Ndani yake walikaa askari wa Kirusi pamoja na familia za maofisa wao, na shule yao, na duka lao, na wapita njia walivuka upande wa pili wa barabara bila kuuangalia, kama mtu anavyokwepa dimbwi alilolizoea. Mwanzoni sikuona ubaya wowote. Kwetu nilikuwa nimefundishwa kwamba nchi zile ni familia moja ya kijamaa, na kwamba mkubwa analinda wadogo. Hata neno waliloitana ofisini lilikuwa sawa na letu: ndugu. Nilijiona niko nyumbani.

Kiwandani tulitengeneza vikombe, sahani na birika. Tanuri lilikuwa refu kama mabehewa mawili ya treni, vyombo vikiingia upande huu juu ya vigari na kutokea upande ule vimeiva. Mwisho wa mstari kulikuwa na meza ya kuchagua. Daraja la kwanza lilifungwa kwa majani makavu na kuwekwa kwenye masanduku yaliyoandikwa kwa herufi za Kirusi, yakapandishwa treni kuelekea mashariki. Daraja la pili lilikwenda kwenye nchi nyingine jirani ambazo nazo zilikuwa chini ya mkubwa huyohuyo. Sisi kantini tulinywea vikombe vilivyopinda. Nilipouliza nani anayepanga hivyo, msimamizi wa zamu alisema mpango unatoka mji mkuu. Jarmila, aliyekuwa akichora mistari ya bluu kwenye kingo za vikombe, alisema bila kuinua brashi kwamba mji mkuu nao unaletewa mpango huo. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza niliyoyasikia.

Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, nywele amezifunga kitambaa, mkono wake wa kuchora haukutetemeka hata treni ilipopita. Aliona kwamba kantini nakula mkate mtupu, kwa sababu tumbo langu lilikataa kabichi yao chachu, akaniambia Jumapili nije kwake. Alikaa ghorofa ya tatu na binti yake Vera, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na kufanya kazi kwenye duka la mikate. Jiko lao lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu aliyekaa karibu na dirisha hakuweza kutoka mpaka wengine wote wasimame. Siku ile Jarmila alitoa kwenye sufuria mkate mnene uliopikwa kwa kuchemshwa, akauweka juu ya ubao, akachukua uzi, akauzungusha na kuukata kipande kimoja kimoja kwa kuvuta ncha mbili. Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu nifike mji ule, kwa sababu ndivyo kiwandani tulivyokata udongo. Nilimweleza, naye akanipa uzi nikamaliza mimi. Tuliula na mchuzi wa uyoga waliouchuma wenyewe msituni. Tangu hapo kila Jumapili nilikuwa pale. Niliwasimulia mchele wa Kyela unavyonukia kabla hata sufuria halijafunuliwa, na mbasa, samaki wa ziwani kwetu, wa kuchoma, na Vera aliandika majina ya vyakula vyetu kwenye karatasi aliyoibandika ukutani.

Historia ya nchi yao niliipata vipande vipande kwenye meza ile, baina ya supu na chai. Jarmila alikuwa na miaka tisa vita vikuu vilipokwisha. Askari wa Kirusi walipoingia mjini wakiwafukuza Wajerumani, yeye na watoto wenzake waliwakimbilia na maua, na askari mmoja alimbeba juu ya kifaru. Hakuwahi kuikana furaha ya siku ile. "Walitukomboa," alisema, "na wengi wao wamezikwa kwenye makaburi yetu. Hilo sitaruhusu mtu alifute." Lakini baada ya ukombozi, alisema, nchi zote ambazo jeshi lile lilipita zilijikuta moja baada ya nyingine na chama kimoja, polisi wa siri wa namna moja, magazeti yenye maneno yaleyale, na watoto wote wakijifunza Kirusi wapende wasipende. Jirani aliyejaribu kwenda njia yake alifuatwa. Wahungari walijaribu, wakapelekewa vifaru. Wao wenyewe walijaribu miaka kumi na miwili baadaye. Viongozi wao walitaka ujamaa ambao mtu anaweza kusema anachofikiri, basi. Usiku mmoja wa Agosti vifaru vikaja, safari hii bila kualikwa na watoto wenye maua.

Nilimbishia. Lazima niseme hivyo, nisijifanye nilikuwa mwerevu. Nilimwambia kwamba kwetu Warusi walikuwa upande wa haki, kwamba bila wao ndugu zetu wa kusini wangebaki utumwani. Jarmila hakukasirika. Alinijazia chai. "Ninakuamini," akasema. "Kwenu wako mbali. Mkubwa aliye mbali hukuletea zawadi. Aliye jirani hushika funguo za mlango wako, na ukiziomba anakuuliza unataka kwenda wapi." Kisha akauliza kama ni kweli majeshi yetu yaliingia Uganda. Nikasema ndiyo, baada ya kuvamiwa. Akauliza kama yamerudi nyumbani. Nikasema yamerudi. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema basi hilo nilikumbuke nikizeeka, kwamba yalirudi.

Kabla ya vifaru Jarmila alikuwa mwalimu wa historia. Baadaye kila mwalimu aliitwa mbele ya kamati na kupewa karatasi yenye sentensi moja, kwamba kuja kwa majeshi ya kigeni kulikuwa msaada wa kindugu. Aliyetia sahihi alirudi darasani. Yeye hakutia. Alifukuzwa, akafagia barabara miaka miwili, ndipo kiwanda kikamchukua. Mumewe, aliyekuwa mhandisi, alimwacha ili naye asifukuzwe kazi. Haya alinisimulia kwa sauti ya kawaida, akimenya viazi. Sikuelewa gharama yake mpaka Jumapili moja ya Januari nilipokuwa bafuni nanawa mikono, na kupitia mlango nikasikia Vera akimwambia mama yake, kwa sauti ya chini, kwamba ameomba chuo kikuu mara ya pili na wamemkataa tena, na sababu ni ileile. "Ungetia sahihi," Vera akasema, "leo ningekuwa mwanafunzi." Nilibaki nimeshika taulo. Nilitegemea mama ajitetee. Nikamsikia Jarmila akisema neno moja tu: "Ndiyo." Nilipotoka walikuwa wanapakua supu, na Vera alinikatia mkate kipande kikubwa kuliko siku zote.

Mwezi uleule nilikutana na askari mmoja kwenye duka la mikate. Alikuwa na macho membamba na ngozi ya kahawia, ametoka sehemu ya mbali ya dola lile ambako hata Kirusi si lugha ya nyumbani. Ofisa wake alikuwa nje ndani ya lori. Askari alinyoosha kidole kwenye mkate, akaonyesha idadi kwa vidole. Wateja wote walimgeuzia mgongo, kama walivyozoea. Kwa kuwa nami nilikuwa mgeni nilimtajia jina la mkate kwa lugha ya pale, nikidhani atalirudia. Hakulijua. Alinionyesha kalenda ya ukutani, kisha vidole viwili: miaka miwili yuko mji ule, na hajui mkate unaitwaje. Vera, aliyekuwa akihudumu, alinifungia mikate, na jioni alimsimulia mama yake. Nilifikiri juu ya ukuta ule unaozuia watu wasiingie na wengine wasitoke.

Februari niliitwa ofisi ya Ndugu Beran. Alikuwa msimamizi wa wanafunzi wa kigeni, mwanamume mpole mwenye sweta iliyofumwa kwa mkono, na ofisi yake ilikuwa na zulia. Alinikaribisha kahawa kwenye kikombe cha daraja la kwanza, nami nikakitambua. Aliisifu nchi yangu na uongozi wake, akataja hata ziwa letu kwa jina. Kisha akasema wana wasiwasi na mimi, kwa sababu ninatembelea nyumba isiyofaa. Hakunikataza kwenda. Alitaka niendelee kwenda, na mara moja kwa mwezi nimwandikie karatasi, kama ndugu kwa ndugu, kuhusu yanayosemwa pale. Nilisema nitafikiria.

Jumapili iliyofuata nilimwambia Jarmila kila kitu. Kwanza alifungua bomba la maji likatiririka kwa nguvu, ili anayetega sikio ukutani asitusikie, kisha akasikiliza, na mwisho wake akacheka, jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Alisema nikubali. Alisema nimetoka mbali kujifunza kazi, nisiipoteze kwa ajili ya mwanamke anayechora mistari ya bluu, na kwamba karatasi hizo tutaziandika pamoja. Akatoa kalamu. Ya kwanza ilihusu goti lake linalouma mvua ikikaribia. Ya pili ilieleza kwa urefu namna ya kukausha uyoga. Vera alicheka mpaka akafuta machozi. Nilipeleka zote mbili, na Ndugu Beran alizisoma, akazikunja vizuri, akaziweka kwenye jalada. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile kinanitia aibu kidogo. Tulidhani tunamchezea, kumbe alikuwa akiufundisha mkono wangu kuzoea njia ya kwenda mezani kwake.

Aprili hakutoa kahawa. Aliweka mbele yangu kurasa zilizopigwa taipu kwenye karatasi nyembamba, zile ambazo watu walipeana kisirisiri kwa sababu hakuna kiwanda cha uchapaji ambacho kingezikubali. Zilikuwa zinaeleza habari za vifaru na walimu waliofukuzwa, pamoja na majina yao. Ndugu Beran alisema wanafahamu kwamba zimepigwa mjini pale, na wanadhani ni msichana wa duka la mikate. Hahitaji maelezo marefu, alisema. Sentensi moja inatosha, kwamba niliiona mashine ya taipu nyumbani kwao. Karatasi ilikuwa tayari, imebaki sahihi yangu. Alinipa mpaka Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumanne. Na mashine nilikuwa nimeiona. Ilikaa ndani ya sanduku la cherehani, na mara mbili nilimkuta Vera akipiga huku taulo limekunjwa chini yake ili isisikike kwa majirani.

Nilikwenda kwao jioni ileile. Jarmila alifungua bomba, lakini safari hii hakuniambia nifanye nini. Vera ndiye aliyesema, na uso wake ulikuwa mweupe kama chombo ambacho hakijaingia tanurini. Alisema niandike, kwamba watamkamata hata nisipoandika, na mimi nina kiwanda cha kwenda kujenga. Nikamjibu, "Nipe hiyo mashine." Hawakunielewa, nikarudia. Hakuna aliyepekua kitanda cha mgeni kutoka nchi rafiki, na mlinzi wa lango la kiwanda alizoea kuniona na mfuko mzito wa vyombo vya kazi. Niliifunga ndani ya aproni yangu, nikaishusha ngazi ghorofa tatu, ikalala chini ya kitanda changu ikitazamana na ule ukuta. Asubuhi nikapita nayo langoni. Nyuma ya karakana kulikuwa na shimo la udongo mbovu, lililojaa rojo zito la kijivu ambalo halikufaa tena kwa kazi. Nilisogea kana kwamba nakwenda kumwaga mabaki. Mashine ilizama taratibu, ikatoa mapovu, rojo likajifunga juu yake. Nikarudi kwenye zamu yangu. Jarmila aliniona nikiingia na mfuko uliolegea, akachovya brashi yake na kuchora.

Ijumaa nilisimama mbele ya Ndugu Beran, na nilikataa kiti alichonisogezea. Nikamwambia, "Sitatia sahihi, na zile nyingine sitaandika tena." Hakupaza sauti. Alinieleza kwa utulivu kwamba masomo yangu ni zawadi ya nchi yake kwa nchi yangu, na zawadi inaweza kurudishwa. Akauliza kama naelewa kwamba nitarudi bila cheti, na watu wa kwetu wataniuliza. Nikasema naelewa. Akauliza tena, na mara hii nilisikia kitu kama kusihi ndani ya sauti yake. Nadhani naye alikuwa na mtu juu yake, na yule naye na wake, mpaka huko masanduku ya vikombe yalikokwenda. Nikasema naelewa, Ndugu Beran.

Jumatatu polisi wa siri walipekua nyumba ya Jarmila kutwa nzima, wakapasua hata godoro. Waliondoka na karatasi ya majina ya vyakula vyetu, wakidhani ni maandishi ya siri. Vera alihojiwa siku mbili akaachiwa. Barua yangu ilifika wiki iliyofuata: nimeondolewa kwa utovu wa nidhamu. Siku ya kuondoka nilikwenda kituoni na mtumishi mmoja wa bweni aliyetumwa kuhakikisha napanda. Sikutegemea kumwona mtu. Jarmila alikuja na aproni ya kazi, saa za zamu, mbele ya wote, na huyo mtumishi alitazama pembeni. Alinipa mkate uliofungwa kwa kitambaa. Alisema, kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia, "Huu ndio msaada wa kindugu. Ule mwingine una jina lake." Halafu alirudi kazini ili asikatwe ujira wa zamu.

Yaliyofuata nchini kwao kila mtu anayajua. Miaka ilipita, nchi zile zikaamka moja baada ya nyingine, askari wakapakia mizigo kwenye treni na ukuta ukabaki mtupu. Jarmila aliniandikia kwamba amerudishwa darasani akiwa na mvi, na Vera, mama yake Alena, ameanza chuo kikuu akiwa mtu mzima kuliko wenzake wote. Aliandika kwamba wanafunzi wanamuuliza kwa nini wakubwa hawakukataa, naye huwaambia wengi walikuwa na watoto. Alikuwa na haki ya kutoa jibu kali zaidi. Mwalimu Ambakisye anataka nimwambie nani alikuwa mwema, nani mbaya. Ninachoweza kumwambia ni kwamba bunduki zilizowasaidia wenzetu na vifaru vilivyowakanyaga wenzao vilitoka ghala moja, na anayetaka kusema ukweli hana budi kuvibeba vyote viwili.

Nami mwaka ule niliporudi, ofisa aliyenipokea Dar es Salaam hakuwa mtu mbaya. Alisoma barua, akavua miwani, akasema nikiandika kwamba nilikosa na ninaomba radhi, wanaweza kunitafutia nafasi katika nchi nyingine ya kundi lilelile. Akanisogezea karatasi. Nilikuwa na njaa na nauli haikutosha. Niliandika, "Sikukosa nidhamu. Nilikataa kuwasaliti watu walionilisha," nikatia sahihi na kumrudishia. Aliisoma mara mbili, akaniandikia hati ya kusafiri bure mpaka Kyela, na nilipofika mlangoni akanitakia safari njema.

Kutoka Kyela mjini nilishika njia ya ziwani, na kipande cha mwisho nilikwenda kwa mtumbwi mpaka Ikombe. Mama mdogo aliyenilea alikuwa anakaanga usipa, dagaa wa ziwani. Majirani walikuja kuuliza kiwanda kitajengwa wapi, nami nikawaambia hakuna kiwanda, wakaondoka wakinong'ona. Yeye aliwaacha waende. Walipokwisha kuondoka nilimsimulia yote, hata shimo la udongo mbovu, na ilinichukua muda kwa sababu katika Kikisi, lugha yetu, sikupata neno la mambo mengi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Yule binti, walimkamata?"

"Hapana, mama."

Akageuza samaki, akawaangalia kama wameiva. "Ndaga fijo," akasema, asante sana, kana kwamba mtoto aliyenusurika alikuwa wa kwake. Kisha akaniambia kesho wanawake wanakwenda kuchimba udongo wa vyungu, safari ni ndefu, kwa hiyo niamke mapema. Niliamka kabla yake.